Maradhi Mazito, Nyumba Ndogo: Jamaa wa Mtopanga Wana Njia Zipi?

Katika familia nyingi za Kisauni, daktari akisema "mrudisheni nyumbani", maneno hayo husikika kama hukumu. Wapo wanaokata tamaa papo hapo na kuanza kuwapigia simu jamaa wa mbali. Wapo wanaokataa kabisa kuyasikia, wakauza kiwanja, wakakopa kwenye chama, wakaanzisha mchango wa safari ya India. Na wapo wanaotoka getini wakaelekea moja kwa moja kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: wameamini kwamba mbele ya mgonjwa kuna kupona au kufa, na kwamba hospitali ina kazi katika kupona peke yake.

Imani hiyo inawatesa wagonjwa wetu sawa na ukosefu wa fedha. Kutafuta tiba na kutafuta nafuu ni kazi mbili ambazo zinapaswa kuanza siku moja na kwenda bega kwa bega. Familia inayolijua hilo mapema hutumia fedha kidogo mahali pasipofaa, humpunguzia mgonjwa wake maumivu, na hubaki na nguvu za kuishi baada yake. Kwa hiyo inafaa tuzitazame njia zote zilizopo, moja baada ya nyingine, tukiwa tumesimama Mtopanga wala si katika ofisi ya mtaalamu Nairobi.

Mahali tunapouguza

Mtopanga ni mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, upande wa kaskazini wa Mombasa bara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na Kisauni peke yake ilikaribia 292,000. Wengi wamepanga chumba kimoja au viwili katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo na bafu uani kwa wapangaji wote. Maji ya mfereji hayana uhakika, na mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Kwa mtu mzima wa afya hayo ndiyo maisha ya kila siku. Kwa asiyeweza kuinuka, choo cha uani ni safari, na kila shuka iliyolowa ni mtungi mwingine wa kununua.

Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Coast General, ambayo wengi bado huiita Makadara, iko kisiwani, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Mgonjwa hutolewa ndani kwa tuktuk hadi barabara ya Malindi, kisha matatu au teksi, kisha foleni ya daraja. Mtu ambaye saratani imemfika kwenye mifupa hulisikia kila shimo la barabara. Ndiyo sababu familia huahirisha kliniki, na ndiyo sababu swali la huduma ipi iko upande huu wa daraja lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye ramani.

Maradhi yenyewe ni mengi. Saratani ndiyo inayotajwa zaidi: makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 yaliweka Kenya kwenye wagonjwa wapya wapatao 44,000 na vifo vipatavyo 29,000, na wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Lakini nyuma yake kuna figo zilizochoka kwa sukari na presha, kiharusi kinachomwacha mtu upande mmoja umelala, moyo unaojaza miguu maji, Ukimwi uliochelewa kutibiwa, na siko seli, ambayo Pwani tunaijua kwa watoto wanaolia usiku kwa maumivu ya viungo. Wote hawa wanahitaji matunzo ya muda mrefu. Wenye saratani ndio angalau hutajiwa hospisi, yaani huduma ya kutuliza maumivu. Wengine, kama mzee wa kiharusi aliyelala miaka mitatu, hawatajiwi chochote.

Njia ya hospitali kubwa

Njia ya kwanza ni kuendelea na tiba yenyewe: upasuaji, kemo, mionzi, kusafishwa damu, dawa za moyo. Hapa hali imebadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda Hospitali ya Kenyatta, takriban kilomita 480 kutoka nyumbani, akapange foleni ya miezi na kutafuta jamaa wa kumlaza Nairobi. Leo Coast General ina kituo chake cha saratani, na hospitali za binafsi mjini nazo zinatibu ugonjwa huo.

Kinachoamua zaidi ni malipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, akitakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mama wa mahamri au dereva wa tuktuk anayehesabu pato la siku, kuzitoa zote kwa mkupuo ni mtihani. Lakini ugonjwa mzito ukishaingia nyumbani, hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko hizo. Matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa maradhi sugu na ya dharura. Mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza kukipandisha kikomo hicho hadi 800,000. Kusafishwa damu kuliwekewa shilingi 10,650 kwa kila kikao, vikao viwili kwa wiki. Mgonjwa wa figo ambaye hajasajiliwa hawezi kujilipia kiasi hicho hata mwezi mmoja bila kuuza kitu.

Hata hivyo bima hailipi nauli, wala chakula, wala siku ya kazi ya yule anayemsindikiza mgonjwa. Na haijibu swali kubwa zaidi: tiba hii itampa nini? Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya India, au kukubali duru nyingine ya kemo, jamaa wana haki ya kumuuliza daktari mambo manne kwa lugha wanayoielewa. Tiba hii inakusudia kuponya, kurefusha siku, au kupunguza maumivu? Ikifaulu, atakuwa na hali gani? Isipofaulu, itamchukulia nini? Na tusipoifanya, tutamtunza vipi? Daktari mzuri hatakasirika. Wengi husubiri kuulizwa, kwa sababu nao wanaogopa kuonekana wamemkatia mgonjwa tamaa.

Njia ya nafuu

Njia ya pili ndiyo isiyojulikana sana, nayo ni tiba shufaa: matunzo yanayolenga maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, vidonda, hofu, madeni ya moyo na mzigo wa jamaa. Mama wa fani hii ni Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mzito hayako mwilini tu. Yako pia katika hofu ya watoto watakaobaki, katika aibu ya kuogeshwa, katika maswali yake kwa Mungu. Afrika ilianza na Island Hospice ya Zimbabwe mwaka 1979. Kenya ilifuata mwaka 1990 kwa Nairobi Hospice, katika uwanja wa Kenyatta. Baadaye muungano wa hospisi nchini, KEHPCA, ulioongozwa kwa miaka mingi na Dkt. Zipporah Ali, ulisukuma huduma hii iingie katika hospitali za serikali. Sisi Pwani tunayo Coast Hospice, katika uwanja wa Coast General.

Hospisi nyingi za Kenya hazina vitanda vya kulaza. Mgonjwa huja kliniki, au muuguzi humfuata nyumbani, na familia hufundishwa kazi. Hilo huwashangaza wanaodhani hospisi ni nyumba ya kupelekwa watu wakafe. Dhana hiyo ndiyo inayofanya wengi wafike wiki ya mwisho, wakati ambapo kazi ingekuwa imeanza miezi mingi nyuma.

Kuchelewa huko kuna gharama inayopimika. Mwaka 2010 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, waliotibiwa Boston, Marekani. Nusu walipewa tiba ya kawaida. Nusu walipewa tiba hiyohiyo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili liliishi kwa raha zaidi na huzuni kidogo, na wachache zaidi kati yao walipewa tiba kali za dakika za mwisho. Tena waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Boston si Kisauni, na utafiti mmoja hauwezi kuahidi miezi kwa mtu yeyote. Lakini unaivunja hofu iliyo kubwa kuliko zote, kwamba kukubali kutulizwa maumivu ni kukubali kufa mapema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka, na kwamba ni asilimia 14 tu wanaoipata. Mkutano mkuu wa shirika hilo ulizitaka nchi zote mwaka 2014 ziiweke katika mfumo wa kawaida wa afya. Kenya ina Sera ya Tiba Shufaa ya 2021 hadi 2030. Karatasi ipo. Kazi iliyobaki ni kuifikisha kwenye zahanati.

Chupa ya mofini

Moyo wa tiba shufaa ni dawa moja ya bei nafuu: mofini ya maji. Mofini yenyewe imekuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977. Hutengenezwa kwa kuyeyusha poda katika maji safi, hutiwa kwenye chupa ya plastiki, na mgonjwa huinywa mwenyewe kitandani pake. Hahitaji sindano, hahitaji dripu, hahitaji kulazwa.

Tuiangalie kwa karibu, maana ndipo familia hukosea. Muuguzi huonyesha kipimo kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, na wakati mwingine hutia alama ya kalamu. Dozi hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kusubiri mgonjwa aanze kulia. Maumivu yakishapanda, kuyashusha huhitaji dawa nyingi zaidi. Dozi ya kulala mara nyingi huongezwa kwa maelekezo ya muuguzi, ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia, na jamaa hushtuka wakaiacha dawa. Kumbe mara nyingi analipa deni la usingizi wa wiki nzima. Usingizi ukizidi hata akawa haamshiki, au pumzi zikipungua, hapo ndipo pa kumpigia muuguzi simu mara moja. Na karibu kila anayeinywa hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyohiyo, pamoja na maji ya kutosha na papai kwa anayeweza kula. Chupa huwekwa juu, mahali watoto hawafiki.

Kisauni tuna sababu yetu ya kuiogopa dawa hii. Tumewazika vijana wengi kwa unga, yaani heroini. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na mama aliyempoteza mwana kwa unga hawezi kulaumiwa akikataa chupa hiyo isiingie chumbani mwake. Anastahili jibu la kina. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa kipimo, kwa njia ya mdomo, kwa ajili ya maumivu halisi, hafuati ulevi. Mwili wake huizoea dawa, ndiyo, na haiachwi ghafla bila muuguzi. Lakini uraibu wa kuitafuta kwa kila hila ni nadra kwa wagonjwa hawa. Kisauni yenyewe ina kliniki ya serikali inayowapa waathiriwa wa unga methadoni, dawa ya jamii hiyohiyo, chini ya macho ya wahudumu. Mtaa umeshaona kwamba dawa ya aina hii ikisimamiwa vizuri hurudisha watu kwenye maisha.

Sheria nayo hutisha kuliko inavyopaswa. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ina adhabu kali, lakini inaruhusu mofini iliyoandikwa na mtaalamu kwa ajili ya tiba. Hofu ya wafamasia na madaktari ilifanya dawa iadimike. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2010 kwamba mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini Kenya. Baada ya hapo wizara iliingiza tiba shufaa katika hospitali kuu za mikoa, ikiwemo ya Pwani. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ila iliishia ng'ambo ya daraja.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitegemea mofini ya kuchanganywa hapohapo. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika dawa hiyo wenyewe, kwa kuwa vijijini hakuna daktari wa kusubiriwa. Mgonjwa hupewa bure. Nchi yenye kipato kama chetu au chini yake iliona kwamba maumivu hayangojei daktari bingwa.

Njia ya nyumbani

Njia ya tatu ndiyo inayobeba wengi, nayo ni nyumba. Mwenye kuuguza karibu kila mara ni mwanamke: binti aliyeacha kazi ya saluni, mke, mama mkwe, wakati mwingine mtoto wa kike aliyetolewa shule. Anafanya kazi ya uuguzi bila mafunzo, bila glavu, bila zamu ya kupokewa.

Mambo machache akifundishwa hubadilisha kila kitu. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, visigino vimeinuliwa visiguse godoro. Mahali ngozi imekuwa nyekundu au nyeusi zaidi na rangi haiondoki, hapo kidonda cha kulala kimeanza, na hapasuguliwi. Shuka hunyooshwa, kwa sababu mkunjo mmoja chini ya nyonga huchubua. Mtu hageuzwi kwa kuvutwa mikono. Hutumika kitambaa kilichokunjwa chini yake, hata leso mbili zilizowekwa pamoja, watu wawili wakiinua kwa wakati mmoja. Mdomo husafishwa kwa kitambaa laini chenye maji ya chumvi kidogo, hata kama hali chakula. Kidonda cha saratani ya titi chenye harufu, kinachofanya wageni wasimame mlangoni, huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na muuguzi huweza kuagiza vidonge vya metronidazole visagwe na kunyunyiziwa juu yake. Harufu hupungua sana. Mgonjwa akijua hanuki tena, huomba mlango ufunguliwe.

Msaada wa karibu ni wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwatuma zaidi ya 100,000 kote nchini wakiwa na mikoba ya vifaa, kama kipimo cha presha na cha sukari, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kila mmoja ana nyumba zake za kutembelea, na Mtopanga wapo. Wengi walifunzwa kupima na kuelekeza zahanati, na ni wachache waliofunzwa kumtunza aliyelala. Lakini mtandao upo, na si mara ya kwanza kwa Mombasa kuutumia. Miaka ya mwanzo ya 2000, kabla dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hazijaenea, watu wa kujitolea waliingia nyumba hadi nyumba Changamwe, Likoni na Kisauni wakiosha vidonda na kuwalisha waliokimbiwa na ndugu. Wengi wao bado wako hai na ujuzi wao bado wanao.

Upande wa fedha, mtaa wetu hujua kuchanga kwa mazishi kuliko kwa uuguzi. Kundi la Whatsapp hujaa ahadi siku ya msiba, wakati godoro la hewa, glavu na nepi za watu wazima zilikosekana miezi mitatu mfululizo. Chama kikiamua kutoa sehemu ya mchango mgonjwa akiwa hai, kitamsaidia yeye na anayemuuguza kwa wakati mmoja. Na msaada si fedha tu. Jirani anayekaa na mgonjwa alasiri mbili kwa wiki, ili binti akalale au akauze sambusa zake, ameokoa nyumba nzima.

Dua, kombe na mganga

Njia ya nne hupita sambamba na nyingine zote. Hakuna nyumba ya Kisauni inayouguza bila dua. Wapo wanaosomewa na kuandikiwa kombe, wapo wanaoombewa mikesha, wapo wanaorudi Kilifi au Kwale kwa wazee na mizizi. Kuzidharau njia hizi ni kumdharau mgonjwa mwenyewe, kwa sababu maradhi mazito huuliza maswali ambayo kipimo cha damu hakiyajibu. Mpaka unaofaa kulindwa uko wazi: kiongozi wa dini au mganga anayesema "acha dawa za hospitali" anahatarisha maisha, na anayeomba fedha nyingi kwa ahadi ya kuponya anaila nyumba iliyo katika dhiki. Dawa za mitishamba nazo hutajiwa daktari, kwa sababu baadhi huumiza figo na ini au hugombana na kemo.

Dini zenyewe haziamuru mtu ateseke. Uislamu humruhusu mgonjwa kufungua Ramadhani na kuswali ameketi au amelala. Papa Pius wa Kumi na Mbili alieleza mwaka 1957 kwamba inafaa kutuliza maumivu makali hata kama dawa inaweza kufupisha siku, maadamu kusudi ni kutuliza. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu mashine za kupumulia kuondolewa pale madaktari bingwa wanapothibitisha kwamba ubongo umekufa usirudi tena. Maimamu na wachungaji wetu wakiyasema haya waziwazi, jamaa wengi watapumua.

Nani aambiwe, nani aamue

Jambo linalozivuruga familia kuliko fedha ni siri. "Msimwambie, atakufa kwa fikra." Mara nyingi huruma hii hugeuka upweke: mgonjwa anajua, jamaa wanajua, na wote wanaigiza. Anakosa nafasi ya kusema nani alee watoto, nani anamdai, nani anataka kumwona, azikwe wapi. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na kukataa tiba asiyoitaka, na inaeleza nani anaweza kukubali kwa niaba yake akishindwa kusema. Si lazima aambiwe kila kitu kwa siku moja. Swali la upole linatosha kufungua mlango: "Baba, ungependa kujua daktari alisema nini, au ungependa nishughulike mimi?" Wapo watakaosema shughulika wewe, na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa.

Mazungumzo hayo yakifanyika mapema, maamuzi magumu ya mwisho hupungua. Chumba cha wagonjwa mahututi huokoa maisha ya aliyepata ajali au nimonia. Kwa mwili uliochoshwa na saratani, mara nyingi huongeza siku za mirija mbali na watoto, na bili inayowabaki walio hai. Na bili hiyo isiwatishe watu wakakubali kufungiwa: mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitalini Nairobi, iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha sheria.

Kinachowezekana upande huu wa daraja

Bahari yetu ina mfano ng'ambo yake. Jimbo la Kerala, India, lilianza na kliniki moja ndogo Calicut mwaka 1993. Miaka michache baadaye watu wa kawaida, walimu, wavuvi, wanafunzi, wakafundishwa kuwatambua wagonjwa waliolala mitaani mwao, kuwatembelea, na kuchanga vijisenti kila mwezi kwa ajili ya muuguzi mmoja na gari. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatangaza sera yake na kuzipa serikali za mitaa jukumu hilo. Kilichofanya kazi kule ni mchanganyiko wa jirani aliyefundishwa, muuguzi anayezunguka, na mofini inayopatikana karibu.

Mtopanga ina mahali pa kuanzia. Majirani wapo, na wahudumu wa afya ya jamii wapo. Kaunti inachotakiwa kufanya ni kuwaongezea mafunzo ya kumtunza aliyelala, kumweka muuguzi wa tiba shufaa Kisauni anayefika nyumbani walau mara moja kwa wiki, na kuhakikisha mofini ya maji inapatikana katika kituo cha umma upande huu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya.

Familia yenye mgonjwa leo inaweza kuanza bila kungoja. Hakikisha SHA imelipwa. Muulize daktari yale maswali manne. Omba rufaa ya hospisi wiki hii, hata kama kemo inaendelea. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Gawaneni zamu, na muulizeni mgonjwa anataka nini angali na sauti ya kujibu.

Kisha lipo la sisi wengine. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kabla ya kupitisha bajeti, na mara nyingi kikao hutawaliwa na barabara na taa. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na aliyelala kitandani hajaipoteza haki hiyo. Yeye hawezi kufika kikaoni, na anayemuuguza hana nafasi ya kutoka. Kuwasemea ni kazi yetu tulio wazima.